Uzi Hukatikia Kwenye Kona: Uhakiki wa Raketi Iliyowambwa kwa Mkazo Mkubwa

Uzi wa raketi ukivutwa hadi pauni 30 kwenye mashine kisha ukakatika, mlio wake hushtua chumba kizima. Papo hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema uzi ni mbovu, na wapo wanaosema fundi hajui kazi yake. Makundi yote mawili yanaegemea methali moja hata yasipoitamka: kamba hukatikia pabovu. Katika makala haya nataka kuipima hukumu hiyo kwa utulivu. Dai langu ni kwamba uzi mzima, mikononi mwa fundi mzuri, unaweza kukatika ukivutwa kwa mkazo mkubwa, na kwamba mahali unapokatikia hupangwa na umbo la kazi yenyewe: njia uliyopitishwa, kona ulizogeuzwa, nyuzi ulizosuguana nazo na mpango aliofuata aliyeuwamba. Anayetaka kujua kwa nini umekatika hana budi kulisoma umbo hilo mstari kwa mstari.

Wahakiki wetu wa fasihi wamezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui. Uso wa raketi ya mpira wa vinyoya, yaani badminton, hauna maudhui unayoweza kuyatoa na kuyasimulia kando. Wote ni fani: mistari, mapishano, mageuko na mafundo, na thamani yake imo katika namna sehemu hizo zinavyoshikana na kubebana. Kwa hiyo unamfaa sana mhakiki wa umbo. Tena unamwadhibu haraka akikosea, kwa sababu umbo lenye dosari likibanwa halingoji maoni ya mtu.

Kanuni

Kila umbo lina sheria zake, na sheria za hili zimeandikwa. Kanuni za Shirikisho la Dunia la Badminton zinataka uso wa raketi uwe bapa, uundwe kwa nyuzi zinazokatana, na nyuzi hizo zipishane kwa zamu juu na chini au ziunganishwe pale zinapokutana. Mpangilio uwe wa namna moja kwa ujumla, na katikati pasiwe na nyuzi chache kuliko sehemu nyingine yoyote. Raketi nzima isizidi milimita 680 kwa urefu na 230 kwa upana. Eneo la nyuzi kwa kawaida lisizidi milimita 280 kwa 220.

Sharti la kupishana juu na chini linaweza kuonekana dogo mpaka ukumbuke yaliyotokea katika tenisi mwaka 1977. Mjerumani Werner Fischer alikuwa amebuni raketi yenye nyuzi za wima za tabaka mbili ambazo hazikusukwa pamoja na za kulala. Nyuzi ziliteleza mpira ulipogusa, kisha zikarudi mahali pake kwa nguvu, na mpira ukaondoka ukizunguka ajabu. Mwezi Oktoba mwaka huo, huko Aix-en-Provence nchini Ufaransa, Ilie Năstase aliitumia raketi ya namna hiyo dhidi ya Guillermo Vilas, aliyekuwa kwenye mfululizo mrefu wa ushindi, na Vilas akaacha mechi kabla haijamalizika. Shirikisho la tenisi liliipiga marufuku, na tangu hapo kanuni za mchezo huo zikaeleza wazi raketi ni kitu gani. Kisa hicho kinafundisha kwamba kupishana kwa nyuzi si pambo. Ukikuondoa, mchezo wenyewe unageuka kuwa mwingine.

Sasa angalia kanuni za badminton zinaponyamaza. Zinataja vipimo, ubapa na mpangilio, lakini hazisemi mkazo uishie wapi. Umbo limefungwa, mkazo umeachwa huru. Mchezaji anaweza kuomba pauni 20 au pauni 34, na mwamuzi hana la kumwambia. Uhuru huo ndio uwanja wa fundi, na ndimo nyuzi zinamokatikia.

Mtande

Nyuzi za wima nitaziita mtande, na za kulala mshindio, kama wafumaji wa nguo wanavyoziita zao. Katika raketi nyingi mtande una nyuzi 22 na mshindio una 21 hadi 23, kutegemea fremu. Pakiti moja ya uzi, mita 10, hutosha raketi moja. Fundi anaweza kuutumia uzi mzima mzima, akaanza na mtande na kumalizia na mshindio, au akaukata vipande viwili na kuipa kila safu kipande chake. Njia ya kwanza huacha mafundo mawili, ya pili manne.

Mtande huanzia katikati. Fundi hupenyeza uzi kwenye matundu mawili ya kati, akavuta upande mmoja, akahamia wa pili, na kuendelea hivyo akielekea kingoni. Hawezi kuukimbiza upande mmoja akauacha mwenzake nyuma kwa nyuzi nyingi, kwa sababu kila uzi unaovutwa huikunja fremu kidogo. Ulinganifu hapa unailinda raketi isivunjike, na uzuri wake kwa jicho unakuja baadaye.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Mtande wa nyuzi 22 ukivutwa kwa pauni 28 kila mmoja unafikisha pauni 616, karibu kilo 280, hata kama sehemu ya mkazo huo hupotea njiani. Nguvu hiyo inavuta utosi wa fremu uelekee mpini. Raketi inayoibeba ina uzito wa gramu 85 hivi. Enzi za fremu za mbao, wachezaji walilazimika kuzihifadhi raketi ndani ya vibanio maalumu zisipinde, na hakuna aliyeota mikazo ya leo. Fremu za kaboni ndizo zilizowezesha mtu kutamka pauni 30 kama kitu cha kawaida.

Hatua ya hatari kubwa kwa fremu ni pale mtande umekamilika na mshindio haujaanza. Utosi unavutwa chini, mbavu zinataka kutanuka nje, na kinachozuia ni mihimili ya mashine peke yake. Umbo liko nusu, na nusu hiyo inajaribu kulibomoa. Mshindio ukianza kuingia ndipo mbavu hurudishwa ndani. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huvuta mshindio kwa pauni moja au mbili zaidi ya mtande: ukiwa 28, mshindio huwa 29 au 30. Uzi ukikatika katikati ya kazi hii, fundi makini hakai kulaumu. Hukata haraka nyuzi zilizobaki, akianzia katikati na kwenda nje, ili fremu isiachwe ikivutwa upande mmoja.

Mshindio

Mtande ni mstari ulionyooka unaopita hewani. Mshindio ni kazi nyingine kabisa. Kila uzi wake hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya unaofuata, mpaka ufike upande wa pili, kisha unarudi kwa zamu iliyogeuzwa. Kwa raketi nzima makutano hayo ni yapata mia nne. Likikosewa moja tu, nyuzi mbili jirani zinakuwa juu pamoja, na jicho lililozoea huliona kosa hilo kutoka ng'ambo ya meza.

Tazama uzi mmoja wa mshindio unavyotiwa. Mkono mmoja uko chini ya uso wa raketi, mwingine juu. Vidole vya juu vinausukuma uzi chini, vya chini vinaupokea na kuurudisha. Ukishapenya wote, mita kadhaa za uzi uliobaki lazima zivutwe zipite katika njia hiyohiyo. Fundi asiye na subira huvuta moja kwa moja na kwa kasi. Uzi unasugua mtande mahali palepale, nailoni inapata joto, na ganda lake linaungua. Fundi mwenye uzoefu huvuta taratibu, huku akiupepesa uzi kwa mkono ili usisugue sehemu moja. Wengine hupenyeza mstari unaofuata kabla ya kukaza uliotangulia, maana mtande ukiwa bado haujabanwa na jirani mpya, njia huwa wazi zaidi na msuguano hupungua.

Kisha mashine inavuta. Hapa ndipo namba inayotajwa na kila mtu inapostahili kuulizwa maswali. Pauni 30 zinazoandikwa kwenye mashine ni mkazo wa uzi ulio nje ya fremu, kati ya kishikio cha mashine na tundu la kwanza. Ukishaingia kwenye tundu, kona inachukua sehemu yake. Kila makutano na mtande yanachukua kidogo tena. Uzi unapofika mbavu ya pili, mkazo wake umeshapungua. Kibanio cha mashine kikishika uzi na mashine ikiachia, mkazo unapungua tena. Namba ile ni ya kweli katika sehemu fupi sana ya uzi, na sehemu hiyo haimo kwenye raketi.

Hili lina matokeo mawili. La kwanza, raketi mbili zilizoandikiwa pauni 30 zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi, kwa kuwa fundi mmoja alinyoosha kila mshindio kwa vidole wakati mashine bado inavuta, na mwingine akauacha umepinda upinde, msuguano ukaula mkazo. Mashine nayo ina mchango. Ile ya umeme inayoendelea kuvuta hufidia uzi unapolegea, ilhali ile ya mkono inayojifunga ikifika kipimo huuacha uzi ulegee ikiwa imekwisha kujifunga. La pili, sehemu inayobeba mzigo wote ni ile ya nje, pale kwenye kishikio na kwenye kona ya kwanza. Ikiwa uzi utashindwa kwa sababu ya mkazo wenyewe, hapo ndipo pana uwezekano mkubwa. Watazamaji wanasubiri ukatike katikati ya raketi, kumbe mzigo mkubwa uko pembeni.

Kona

Aliyewahi kumtazama fundi wa pwani akiwamba kitanda cha kamba anaujua mpango huu: kamba za urefu kwanza, za kukatiza baadaye, na kitanda hakipati nguvu mpaka hatua ya pili. Tofauti iko ukingoni. Kamba ya kitanda huzunguka mti mnene na kurudi kwa upinde mpana. Uzi wa raketi hupita ndani ya tundu la fremu, ukageuka kwa pembe kali upande wa nje, ukatambaa milimita chache juu ya fremu, ukageuka tena na kuingia tundu la pili. Kinachoulinda na makali ya kaboni ni gromiti, kifereji chembamba cha plastiki kilichovishwa ndani ya tundu. Gromiti ikiwa mpya, uzi hugeuka bila kujeruhiwa. Gromiti ikipasuka au ikiliwa, kaboni inabaki wazi, na kwa mkazo mkubwa huukata uzi mara moja.

Kona ngumu kuliko zote ni mbili za juu, zilipo namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa. Hapo fremu inapinda na nafasi ni finyu, kwa hiyo baadhi ya matundu hutumiwa na mtande na mshindio kwa pamoja. Uzi wa pili unaingia kwenye tundu lenye mwenyeji. Mara nyingi fundi analazimika kuifungua njia kwa msharasi, na ncha ya msharasi ikiteleza hutoboa uzi uliotangulia. Jeraha hilo halionekani. Ule wa mtande umeshavutwa na kubanwa, unaendelea kubeba pauni zake kimya kimya. Utakatika baadaye, pengine fundi akiwa anavuta mstari mwingine kabisa upande wa pili. Mtu aliyepo atasema umekatika wenyewe.

Kwa hiyo methali tuliyoanza nayo inahitaji kusomwa upya inapohamishwa kwenye raketi. Kabla ya kuwambwa, uzi wa mita 10 hauna tofauti kati ya mita yake ya pili na ya saba. Umetoka kiwandani ukiwa sawa kutoka ncha hadi ncha. Pabovu panatengenezwa na umbo: na kona kali, na tundu lililojaa, na makutano yaliyosuguliwa mara nyingi. Ubovu umo katika njia, na uzi hutoa ushahidi wake pale njia ilipoukwaza.

Ushahidi huo unasomeka. Chukua ncha mbili za uzi uliokatika, uziweke juu ya karatasi nyeupe, uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Uzi wa kisasa una kiini cha nyuzinyuzi nyingi za nailoni, ganda la msuko juu yake, na mpako wa nje. Kila aina ya kukatika huacha alama tofauti katika tabaka hizo. Ncha iliyobapa, yenye vidoti vya meno ya chuma, inaeleza kwamba kibanio kilikazwa mno na kuuponda uzi. Ncha iliyokatwa safi upande mmoja, na upande wa pili ikiwa na nyuzinyuzi zilizochomoka ndefu, inaeleza kwamba kitu chenye makali kilianza kazi na mkazo ukaimaliza: kaboni iliyo wazi au msharasi. Ncha ambayo ganda lake limekakamaa na kung'aa, limeshikana badala ya kuchanuka, inaonyesha kuungua kwa msuguano. Na ncha iliyochanuka pande zote, nyuzinyuzi zake zikiwa za urefu mbalimbali na hakuna jeraha jingine lolote, inaonyesha uzi uliobeba mpaka mwisho wa uwezo wake. Huo wa mwisho tu ndio unaoruhusu mtu kuutuhumu uzi au namba iliyoombwa. Aina tatu za kwanza zinaituhumu kazi au fremu.

Mimi naona huu ndio uhakiki wa kweli wa raketi: kutazama mahali na namna, kabla ya kutoa hukumu. Fundi anayetupa ncha zilizokatika bila kuzitazama ametupa maelezo pekee aliyopewa.

Uzi wenyewe

Unene wa uzi nao ni sehemu ya umbo, na hapa watengenezaji wanajulikana kwa vipimo vyao. BG65 ya Yonex, uzi uliozoeleka sana katika kumbi za mazoezi, una unene wa milimita 0.70. BG66 Ultimax ya kampuni hiyohiyo una 0.65. Tofauti ya milimita 0.05 haihisiwi kwa vidole, lakini mkazo haubebwi na unene wa kupima kwa rula. Hubebwa na eneo la mkato, na eneo hilo hupungua kwa mraba. Ukipiga hesabu, uzi wa 0.65 una eneo pungufu kwa karibu asilimia 14. Zote mbili zikivutwa kwa pauni 30, yaani kilo 13.6, nyuzinyuzi za ule mwembamba zinabeba zaidi, kila moja kwa nafasi yake. Kosa dogo ambalo uzi mnene ungelisamehe, kama kibanio kilichokazwa kupita kiasi kidogo, uzi mwembamba hauna akiba ya kulisamehe.

Wachezaji wanaupenda mwembamba kwa sababu nzuri. Unatoa mlio mkali, unakirudisha kinyoya haraka, na mkono unahisi kila pigo. Tatizo ni kuunganisha matakwa mawili, uzi mwembamba na mkazo mkubwa, kisha kushangaa. Kila moja peke yake linavumilika. Yakikutana kwenye kona ya juu ya fremu yenye gromiti zilizochakaa, matokeo yanatabirika.

Mfano unaonivutia zaidi ni Aerobite ya Yonex, pakiti yenye nyuzi mbili tofauti: wa mtande una milimita 0.67, na wa mshindio 0.61. Hapa mtengenezaji mwenyewe amesoma umbo na kuliandikia majukumu. Ameupa mtande unene zaidi na mshindio wembamba, kwa maana anajua safu hizo mbili hazifanyi kazi moja. Eneo la mkato la ule wa mshindio ni pungufu kwa asilimia 17 hivi. Na tumeona kwamba desturi ya mafundi ni kuuvuta mshindio zaidi ya mtande. Fundi anayeshika desturi hiyo bila kufikiri anaupa uzi dhaifu mzigo mkubwa. Anayesoma kazi iliyo mbele yake hupunguza tofauti hiyo, na haoni aibu kuiacha kanuni aliyofundishwa.

Hali ya hewa nayo inagusa nailoni, kwani nailoni hunywa unyevu na kulegea. Anayewamba raketi kwenye joto la mvuke la Mombasa au Dar es Salaam asitarajie mkazo ubaki ulivyokuwa jioni ya kwanza. Lakini hiyo ni sababu ya kuwamba upya kwa wakati. Wapo wanaoifanya sababu ya kuongeza pauni mbili za kufidia, na kwa kufanya hivyo wanaupeleka uzi karibu zaidi na mwisho wake siku ileile ya kwanza.

Fundo

Kila kazi yenye umbo inapimwa pia kwa namna inavyofunga. Mstari wa mwisho wa raketi hauwezi kubaki kwenye kibanio, lazima ufungwe kwa fundo kwenye uzi jirani. Fundo likikaa sawa, uzi huo wa mwisho hurudi nyuma kidogo na kupoteza sehemu ya mkazo. Mafundi wengi hufidia kwa kuuvuta uzi wa mwisho pauni chache zaidi kabla ya kufunga. Ni desturi yenye mantiki, ila angalia unapoangukia: uzi wa mwisho huwa karibu na ukingo, mfupi, wenye kona kali pande zote mbili, na mara nyingi kwenye tundu lenye mwenyeji. Panapohitaji huruma zaidi ndipo panapopewa mzigo wa ziada.

Kisha kuna fundo lenyewe. Likikazwa kwa mashine badala ya mkono, uzi hujikata shingo ndani ya kitanzi chake. Kazi ya saa nzima inaishia hapo, mita kumi za uzi zimekwenda, na mteja anasubiri. Nimesikia mafundi wakisema kwamba wanaogopa mistari miwili ya mwisho kuliko ishirini iliyotangulia, na nikilitazama umbo naona wana haki.

Hukumu

Tufike kwenye thamani. Mkazo mkubwa unaleta nini hasa? Uso uliokazwa haunesi sana. Kinyoya hukaa muda mfupi zaidi juu ya nyuzi, kikaondoka kwa mwelekeo ambao mkono uliuchagua. Mchezaji anayepiga katikati kila mara anapata usahihi na hisia safi. Lakini uso huohuo unarudisha nguvu kidogo kuliko uliolegea, na sehemu yake inayofaa kupigia inasinyaa. Aliyepiga kando kidogo anapata mtikisiko mkononi na kinyoya kisichofika. Nguvu yote inabidi itoke begani, kiunoni na miguuni.

Watu wanapotazama rekodi kama ile ya Satwiksairaj Rankireddy wa India, aliyepiga smashi ya kilomita 565 kwa saa tarehe 14 Aprili 2023 katika kiwanda cha Yonex huko Soka, Japani, wengi huuliza kwanza raketi yake ilikuwa na pauni ngapi. Swali linaanzia mahali pasipofaa. Mwendo ule ulitengenezwa na mwili wake. Nyuzi zilikuwa na kazi ya kutoupoteza. Vijana wanaoanza, wenye mkono wa pauni 20 hadi 22, wanaomba 30 kwa sababu namba inasikika ya kishujaa, na fundi anayetaka kuwaridhisha anavuta. Hatimaye uzi unakatika mezani, au unadumu mechi moja na kukatikia kwenye kona kwa pigo la pembeni, na lawama inaanza upya.

Naamini tumeupa mkazo heshima isiyo yake. Namba moja imechukua nafasi ya maswali yote kuhusu umbo. Raketi nzuri nitaitambua kwa mambo mengine. Nyuzi jirani zikidonolewa kwa ukucha zinatoa sauti zinazokaribiana. Mistari ya mshindio imenyooka, bila tumbo wala mgongo. Fremu ina urefu uleule iliokuwa nao kabla ya kuwambwa. Hakuna kutano lililokosewa. Katika kona za juu hakuna uzi uliokwaruzwa, na mafundo ni madogo, yameketi. Raketi ya pauni 25 yenye sifa hizo ni kazi bora kuliko ya pauni 31 iliyopinda, na itacheza vizuri zaidi. Mkazo mkubwa ukikaa juu ya umbo la namna hiyo unapendeza kwelikweli, na nimeona raketi za aina hiyo zikisikika kama kengele. Ukikaa juu ya umbo bovu, unaharakisha tu siku ya kukatika.

Hivyo fundi anayeichukua raketi, akaizungusha taratibu mkononi, akapitisha ukucha kwenye kila gromiti, akauliza mchezaji anatumia uzi gani na anapiga vipi, kisha akasema, "Hii sitaivuta zaidi ya ishirini na sita mpaka tubadilishe gromiti hizi nne za juu," asichukuliwe kuwa mwoga. Ameisoma kazi kabla haijafanyika na kuona ingekatikia wapi. Ushauri huo una thamani sawa na uwambaji wenyewe, na mchezaji aliyeupokea anapaswa kuulipia kwa moyo mweupe.